Timazi

Saa kumi na moja alfajiri, bura haijashuka mlimani,
bandari ya Kraljevica imetulia kama supu iliyosahauliwa.
Nimewatoa wote melini: mafundi, mlinzi,
hata paka wa mpishi.
Kila tanki limejaa pomoni au ni kavu kabisa,
maana maji ya nusu tanki ni shahidi wa uongo,
hukimbilia upande ulioelemewa.

Kisha naning'iniza timazi:
waya wa mita sita, chini yake bonge la risasi
limezama ndani ya ndoo ya oili chafu
lisicheze.

Ndoo, waya, rula ya mbao.
Wenzangu wanachora pangaboi na mabomba ya moshi.
Mimi, Nevenka Grgurić, nalipwa kwa swali moja:
ikilala, itaamka?

Juu, Šime anahamisha saruji kwa winchi,
tani tano, kutoka kushoto hadi kulia,
na feri nzima, na viti vyake, na jiko lake,
inainama kidogo
kama mtu wa adabu anayempisha mgeni mlangoni.

Babu yangu Jakov alikuwa fundi wa kalafati.
Vyombo vyake vya tanga viliinama mchana kweupe
na kila mtu akajua sababu, ilikuwa ikimpiga usoni.
Baba alikuwa chini, tumboni mwa stima,
hakuona bahari miaka ishirini na mbili.
Aliniambia jambo moja tu la maana kuhusu kazi:
"Makaa yakianza kutembea yenyewe,
weka sepetu chini, panda ngazi."

Siku hizi hakuna makaa ya kumwonya mtu.
Kuna zulia.

Meli hii niliipima ikiwa bado inanuka rangi,
miaka kumi na mmoja iliyopita. Daftari ninalo:
milimita sitini na moja.
Tangu hapo wameiongezea juu mkahawa wa vioo,
birika la kuogelea, sanamu ya pomboo wa shaba.
Chini hawakuongeza kitu. Nani atanunua tikiti
kwenda kutazama farumi?

Nachuchumaa kando ya ndoo.
Waya unasogea, unasita, unasimama.
Tisini na nne.

"Tofauti ni vidole viwili," asema Bwana Tadić wa kampuni,
na kweli anaviinua, vina pete.
"Tena abiria wanaisifu. Zamani ilikuwa inawatikisa,
wakitapika hadi Cres. Sasa inayumba taratibu,
watoto wanalala."

Najua. Hilo ndilo linaloninyima mimi usingizi.
Meli ngumu hukurudisha kwa hasira, kama mama
aliyekuvuta mkono barabarani.
Meli inayobembeleza ndiyo husahau kurudi.
Hainguruki, haivunji sahani.
Inakwenda mrama kwa upole, ikifika mwisho wa kuinama
inakaa pale kidogo, inafikiri,
na kila mwaka inafikiri zaidi.

Simwambii hayo. Nilishayasema kwenye ofisi zenye kahawa nzuri.
Namwambia: vioo vishuke, au chuma kiingie mkukuni, tani mia na arobaini,
na hadi hapo abiria hapandi.
Anatazama saa. Gatini foleni imeanza,
kuna mwanamume amebeba godoro,
kuna mabibi wawili na makreti ya stroberi.

"Andika basi," asema, "lakini andika kwa namna ya kurekebishika,"
na ananipa kalamu ya risasi.

Namrudishia.
Risasi ya leo ni ile iliyomo ndooni.

Nafungua wino. Tisini na nne.
Nyuma yangu bura inashuka, mabati ya karakana yanaanza kulia,
na waya, bila kuguswa na mtu,
unaanza kuandika wenyewe.